Vita Vilizuka au Vilizushwa? Kaiser Wilhelm II na Mwaka 1914 katika Historia Pendwa

Historia pendwa, sawa na fasihi pendwa, haijapata heshima kubwa katika vyuo vikuu. Husemwa kwamba ni masimulizi ya kupitishia wakati, kwamba waandishi wake wengi hawakupitia mafunzo rasmi ya historia, na kwamba hupenda farasi, mavazi na hali ya hewa kuliko nyaraka. Yamkini yote hayo yana ukweli. Hata hivyo, watu wengi wanaojua lolote juu ya wafalme wa Ulaya na vita vyao wamelijua kutokana na vitabu hivyo, si kutokana na majarida ya wanahistoria. Na ni humo ambamo hukumu za zamani hufutwa na mpya kuandikwa. Mfalme aliyeitwa dhalimu hugeuka mnyonge, aliyeitwa mpumbavu hugeuka mtu aliyepotoshwa na washauri wake, na vita vilivyoitwa vya haki hugeuka ajali. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Wilhelm II, aliyekuwa Kaiser wa Ujerumani tangu 1888 hadi 1918. Kwa zaidi ya miaka 100 sasa mtu huyu amehukumiwa kwa sababu ya vita vya 1914, akaachiliwa, akahukumiwa tena, na kila mara kwa vitabu vilivyouzwa kwa wingi.

Wanahistoria wameyajadili mambo haya kwa ushahidi wa barua na mihtasari ya mikutano, nao waachiwe kazi yao. Mhakiki wa lugha ana swali jingine la kuuliza. Katika vitabu hivi hukumu hupitishwa na jina la kitabu, na kitenzi, na istiari, mapema sana kabla ya ushahidi kuletwa. Kiswahili ni mizani nzuri ya kulipimia jambo hilo. Mwandishi wa Kiingereza husema kwamba vita vilitokea kama upele utokavyo mwilini, na msomaji wake haoni ajabu. Mfasiri wa Kiswahili ataandika kwamba vita vilizuka. Lakini mkononi mwake, kwa mnyambuliko mmoja tu, anacho pia kitenzi cha kuzusha. Moto huwaka, nao huwashwa. Baruti hulipuka, nayo hulipuliwa. Jozi hizi zimekaa karibu mno katika lugha hata mfasiri hawezi kutumia upande mmoja bila kuusikia wa pili ukimwuliza: nani?

Mara tu vita vilipokwisha, jibu lilitolewa kwa lugha ya sheria. Kifungu cha 227 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kilimtaja Wilhelm kwa jina na kutaka ashtakiwe mbele ya mahakama maalumu. Hilo halikufanyika, kwa kuwa Uholanzi, alikokimbilia Novemba 1918, ilikataa kumtoa, naye aliishi huko Doorn hadi alipofariki tarehe 4 Juni 1941. Kesi iliyoshindikana mahakamani ikahamia katika vitabu. Emil Ludwig, aliyekuwa bingwa wa tawasifu za watu mashuhuri katika miaka ya 1920, alieleza maisha yote ya Kaiser kwa mkono wake wa kushoto, ambao ulilemaa wakati wa kuzaliwa kwake mwaka 1859. Kwa Ludwig, mkono ule ndio ulioleta majigambo, majigambo yakaleta manowari, manowari zikaleta vita. Freud mwenyewe aliipinga tafsiri hiyo mwaka 1933, akisema kwamba jeraha halikuwa mkono bali mama aliyemnyima mtoto mapenzi kwa ajili ya mkono huo. Mabishano yao yanapendeza kusomwa, lakini yote mawili yanafanya jambo lile lile: yanatafuta chanzo cha vita vya mataifa ndani ya chumba cha kulelea mtoto. Kitenzi kina mtendaji, naye ni mmoja, tena mgonjwa.

Kitabu cha Barbara Tuchman, The Guns of August, kilitoka mwaka 1962 na kupewa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Tuchman hakuwa na shahada ya udaktari, jambo ambalo wakosoaji wake hawakuchoka kulikumbusha. Kinaanza kwa mazishi ya Mfalme Edward VII mjini London mwezi Mei 1910, wafalme tisa wakipita juu ya farasi, na kati yao Kaiser amevaa sare nyekundu ya jemadari mkuu wa Kiingereza. Mwanzo huo umesifiwa sana, na kwa haki. Lakini angalia ulichofanya. Msomaji amekwisha kuonyeshwa dunia ambayo historia yake imo mikononi mwa watu tisa waliopanda farasi, na anajua, kwa kuwa jina la kitabu limekwisha kumwambia, kwamba maandamano haya yanaelekea kwenye mizinga. Na mizinga yenyewe ni ya nani? Ni ya Agosti. Mwezi ndio mwenye mali. Jina la kitabu limempa kalenda umiliki wa kile ambacho ndani ya kitabu kina mafundi, makamanda na waliotia saini.

Haitakuwa haki kumwacha Tuchman hapo, maana sura iliyo bora katika kitabu chake inafanya kinyume kabisa cha jina lake. Jioni ya tarehe 1 Agosti 1914 Kaiser alikuwa amekwisha kutia saini amri ya kukusanya majeshi. Muda mfupi baadaye ikafika telegramu ya Lichnowsky, balozi wake mjini London, nayo ikaeleweka kwamba Uingereza ilikuwa tayari kuizuia Ufaransa isiingie vitani iwapo Ujerumani haitaishambulia. Kaiser akafurahi. Akamwambia Moltke, mkuu wa majeshi, kwamba sasa jeshi zima lielekezwe mashariki, dhidi ya Urusi peke yake. Moltke akajibu kwamba haiwezekani. Mpango ulikuwa umechukua mwaka mzima kutengenezwa. Treni 11,000 zilikuwa zimepangiwa saa na njia zake. Kuugeuza ni kupeleka mashariki umati usio na chakula wala risasi. Kaiser, kwa uchungu, alimwambia kwamba ami yake asingalimjibu hivyo, maana ami wa Moltke ndiye jemadari aliyeishinda Ufaransa mwaka 1870. Usiku ule ilidhihirika kwamba telegramu ilikuwa imefahamiwa visivyo, na Kaiser akamwambia Moltke afanye atakavyo.

Katika kisa hiki neno zito ni lile moja: haiwezekani. Sarufi yake yafaa kutazamwa. Kitenzi cha kuweza kimeongezwa kiambishi kinachomwondoa mwenye kuweza. Uwezo, au kukosekana kwake, umewekwa katika jambo lenyewe. Moltke hakusema “siwezi”, wala “sitaki”. Tuchman haachi neno hilo lipite. Anamleta Staabs, aliyekuwa mkuu wa idara ya reli katika jeshi la Ujerumani, ambaye baada ya vita aliona aibu kwa yale yaliyosemwa juu ya idara yake, akaandika kitabu kizima chenye ramani na ratiba kuthibitisha kwamba angaliambiwa siku hiyo, angaliweza kupeleka majeshi manne kati ya saba upande wa mashariki kufikia tarehe 15 Agosti. Yaani iliwezekana. Lililokosekana ni mtu wa kuthubutu. Katika kurasa chache mwandishi asiye na shahada ya udaktari amefanya kile ambacho nadharia nyingi za chanzo cha vita hazikukifanya: amekichukua kitenzi kisicho na mtendaji na kumrudisha mtendaji wake mahali pake, tena bila kumfanya Kaiser kuwa shetani wala malaika. Mfalme alitoa amri, na amri haikutekelezwa. Aliyeikataa ana jina.

Lau A. J. P. Taylor angaliizingatia zaidi sura hiyo, huenda kitabu chake cha 1969, War by Time-Table, kingepewa jina jingine. Taylor alikuwa mwanachuo wa kweli aliyependa kusema na umma, na mihadhara yake ya televisheni, aliyoitoa bila kusoma karatasi yoyote, ilimjengea wasikilizaji wengi. Hoja yake ni kwamba ratiba za reli ndizo zilizoburura mataifa vitani: kila jeshi liliogopa kuchelewa, na aliyeanza kukusanya askari alimlazimisha jirani yake naye akusanye. Hoja ina nguvu. Hata hivyo ratiba ni karatasi iliyoandikwa na mtu, na yule aliyekuwa akiishughulikia alisema wazi kwamba ingeweza kubadilishwa. Taylor alipenda mzaha wa mambo makubwa kuletwa na vitu vidogo, na mzaha huo mara nyingi humshinda.

Si jambo dogo, kwa vile vitabu hivi husomwa na wenye madaraka. Kumbukumbu za Robert Kennedy juu ya siku 13 za Oktoba 1962, wakati Marekani na Urusi ya Kisovieti zilipokaribia kupigana kwa sababu ya makombora ya Cuba, zinaeleza kwamba ndugu yake Rais alikuwa ameathiriwa sana na kitabu cha Tuchman, na kwamba hakutaka siku moja kiandikwe kitabu cha namna hiyo juu ya mwezi wake yeye. Rais aliona katika kitabu hicho watu wanaosukumwa na mipango yao wenyewe, akaamua kutosukumwa. Inafurahisha kuona kwamba msomaji huyu mashuhuri alisoma kinyume cha jina la kitabu: alielewa kwamba mizinga haikuwa ya Agosti.

Aina nyingine ya historia pendwa haishughuliki na reli bali na ukoo. Catrine Clay mwaka 2006 na Miranda Carter mwaka 2009 waliandika kila mmoja juu ya George V wa Uingereza, Nicholas II wa Urusi na Wilhelm kama jamaa watatu waliogombana. Msingi wa masimulizi ya namna hii ni neno moja la Kiingereza linalomkusanya kila mtoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo. Kiswahili hakikubali kuwakusanya hivyo. Mama zao George na Nicholas walikuwa mabinti wa mfalme wa Denmark, Alexandra akiwa mkubwa wa Dagmar. Basi Nicholas alimwona mamake George kuwa mama mkubwa, na wawili hao, kwa hesabu ya Mswahili, ni ndugu. Mamake Wilhelm alikuwa dada wa babake George. Wilhelm basi ni mtoto wa shangazi, binamu wa George kwa maana halisi ya neno. Na mke wa Nicholas alikuwa mtoto wa dada wa mamake Wilhelm, yaani dadake Wilhelm kwa hesabu hiyo hiyo. Zile telegramu za mwisho wa Julai 1914, zilizoandikwa kwa Kiingereza na kutiwa saini kwa majina ya utotoni, Willy na Nicky, zilikuwa barua za mashemeji.

Mfasiri akitumia maneno haya sawasawa, uchawi wa hadithi hupungua. Anayesoma kwa Kiingereza hustaajabu kwamba watu wa damu moja walipigana. Anayesoma kwa Kiswahili anaona ndugu, binamu na shemeji, na hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye katika kumbukumbu za pwani alizuiliwa na udugu asitake kiti cha mwenzake. Barghash alimwasi Majid nduguye Unguja mwaka 1859, wala hakuna aliyeona kwamba ukoo peke yake ungetosha kulieleza jambo hilo. Ukoo huonyesha nani alikaa wapi mezani. Hausemi chakula kilitoka wapi.

Afrika Mashariki inayo hadithi yake ya aina hii, nayo huhadithiwa wageni hadi leo: kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo sababu mpaka wa Kenya na Tanzania, unaotoka baharini ukiwa umenyooka, umepinda ulipofika mlimani. Hadithi hii ina kila kitu ambacho historia pendwa hukipenda: bibi, mjukuu, mlima wenye theluji, na ulafi wa kifalme. Kasoro yake ni kwamba mpaka huo ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaiser mpaka mwezi Juni 1888. Mwaka 1886 aliyetawala alikuwa babu yake mzaa baba. Mlima uliangukia upande wa Wajerumani kwa sababu ya karatasi zilizokusanywa na mawakala: Jühlke, mwenzake Karl Peters, alifika Moshi mwaka 1885 akaandikiana na Mandara, na mwaka huo huo Mathews alikuwa amepita huko kuwatia masultani wa Uchaga chini ya bendera ya Sultani wa Unguja. Kisha wakuu wa Ulaya wakagawana, Mombasa ikabaki upande wa Waingereza.

Hapo ndipo uchunguzi wa vitenzi unapofika mahali pa kujihadhari. Ingekuwa rahisi kusema kwamba kila sentensi yenye mtendaji ni ya kweli na kila isiyo naye ni ya kuficha. “Malkia alimpa mjukuu wake mlima” ni sentensi kamili kisarufi: ina mtendaji, mtendewa na kitu. Nayo inaficha zaidi kuliko ile isemayo tu kwamba mpaka ulipindwa, maana inawafuta Peters na Jühlke na kampuni yao, inamfuta Mandara na hila zake za kuwachezesha wageni, inamfuta Sultani aliyedhulumiwa, na badala yao wote inamweka bibi kizee mkarimu. Kumtaja mfalme ni njia mojawapo ya kutomtaja mtu mwingine yeyote.

Aliyelielewa hili kuliko wote alikuwa Fritz Fischer wa Hamburg, ingawa hakuandika kitabu chepesi. Griff nach der Weltmacht, kilichotoka 1961, kilipekua faili za serikali ya Ujerumani na kuonyesha malengo yaliyoandikwa na Kansela Bethmann Hollweg tarehe 9 Septemba 1914: ardhi ya jirani, madini, masoko, na himaya moja iliyoungana katikati ya Afrika. Katika jina la Kijerumani mna mkono unaonyoshwa ili kuukamata ukuu wa dunia. Katika tafsiri ya Kiingereza ya 1967 mkono huo umeondolewa, yamebaki “malengo”. Hasira iliyoamshwa na kitabu hicho nchini Ujerumani haikuwa ya wasomi peke yao: magazeti yalikishughulikia kwa miaka, na mwaka 1964 serikali iliondoa fedha zilizokuwa zimlipie Fischer safari ya mihadhara Marekani, hata vyuo vya huko vikalazimika kuzitafuta. Ubishi ulikuwa juu ya kitenzi. Wajerumani wengi waliweza kukubali kwamba nchi yao iliingia vitani. Kwamba iliunyoshea mkono ukuu wa dunia, hapana.

Zaidi ya miaka 50 baada ya Fischer akaja Christopher Clark na The Sleepwalkers, 2012. Clark ni profesa wa Cambridge, ila kitabu chake kilinunuliwa kama riwaya, hasa kilipotoka kwa Kijerumani mwaka 2013. Hakianzi London wala Berlin, bali Belgrade, usiku wa Juni 1903 ambapo maofisa wa jeshi la Serbia waliwaua Mfalme Alexander na Malkia Draga ndani ya kasri lao. Badiliko hilo la mahali pa kuanzia lina uzito sawa na hoja yoyote iliyomo. Tuchman, ambaye mwenyewe alikiri kwamba ameiacha kando Austria na Serbia, alianza na farasi wa Kaiser. Clark anaanza na bastola za Waserbia, na mmoja wa wale maofisa, Apis, anarudi tena mwaka 1914 akiwa nyuma ya vijana wa Sarajevo. Kuhusu Kaiser, Clark ni mpole lakini makini. Anaonyesha mtu mwenye maneno mengi ambaye mara nyingi maneno yake hayakuwa amri, na anawauliza wasomaji kama wafalme wengine, wangalipekuliwa namna hiyo, wangalionekana bora. Anakataa kuutafuta mkono mmoja ulioshika bunduki yenye moshi.

Kazi hii ina elimu nyingi na masimulizi mazuri, nayo imewafundisha wengi kuitazama Serbia, Urusi na Ufaransa kwa macho mapya. Wehler na Winkler, wanahistoria wakuu wa Ujerumani, waliishambulia kwa kuona kwamba inaipunguzia nchi yao mzigo. Max Hastings mwaka 2013 alitoa kitabu chenye kuurudisha mzigo huo. Lakini udhaifu mkubwa wa Clark hauko katika nyaraka. Uko katika istiari yake. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la mtu atembeaye huku amelala, kwa hiyo mfasiri atalazimika kueleza, na akieleza ataharibu. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo maadili yake yamepenya katika lugha hii hata kwa wasio Waislamu, aliyelala haandikiwi hesabu mpaka aamke. Jina la “waliotembea usingizini” litamwambia Mswahili, hata kabla hajafungua kitabu, kwamba hawa wote wameachiliwa. Clark hakutaka kusema hivyo. Mwishoni anasema kwamba macho yao yalikuwa wazi ila hayakuona yale waliyokuwa wakiyaleta. Basi hawakulala.

Liko neno linalofaa, na pengine linafaa kuliko la Kiingereza. Ni kughafilika. Aliyeghafilika yuko macho, ana akili timamu, ameyaona aliyoyaona, na moyo wake umeshughulika na jingine. Naye anaulizwa. Katika mashairi ya mawaidha ya pwani hakuna kosa lionywalo mara nyingi kuliko hilo, na haionywi maiti wala mwenye usingizi, bali mtu aliye hai mwenye kuweza kuzinduka. Kitabu cha Clark kikiitwa “Walioghafilika” hoja yake yote hubaki salama: kwamba hakukuwa na shetani mmoja, kwamba wengi walihusika, kwamba hawakuyaona maafa. Kinachoondoka ni ile huruma ambayo istiari ya usingizi iliipenyeza bila kuilipia. Kaiser wa tarehe 5 Julai 1914, aliyewaahidi Waaustria kuwaunga mkono kisha akapanda meli yake kwenda kupumzika Norway, ameelezwa barabara na kitenzi hiki. Kaiser wa tarehe 28 Julai, aliyesoma jibu la Serbia akaandika pembeni kwamba sasa hakuna tena sababu ya vita, siku ile ile Austria ilipotangaza vita, amezinduka akiwa amechelewa. Mtu mmoja huyo, wiki tatu kati yake, na kila siku ilihitaji kitenzi chake. Waandishi waliompa kimoja cha maisha yote, awe mwovu au awe mlemavu au awe msinziaji, wamefanya kazi ya mchoraji wa vibonzo.

Jina la pili la kitabu cha Clark laeleza jinsi Ulaya ilivyoingia vitani mwaka 1914. Kisarufi, Ulaya ndiyo kiima, nayo ilijiingiza yenyewe kwa miguu yake. Hilo linakubalika. Tatizo ni kwamba jina la Vita vya Dunia limebakia, na dunia haikuingia, iliingizwa. Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuitangazia Ujerumani vita, manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam. Tarehe 15 Wajerumani waliiteka Taveta. Hiyo pia ilikuwa mizinga ya Agosti, na katika kitabu cha Tuchman haina sura, ingawa nafasi ilipatikana kwa manowari Goeben iliyokimbizwa katika Bahari ya Kati, na hata kwa familia moja ya Kimarekani iliyoyatazama mashindano hayo kutoka meli ndogo ya abiria. Tuchman mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 2, alikuwa mmoja wa familia ile.

Alan Clark, ambaye si wa kuchanganywa na Christopher, alitoa mwaka 1961 kitabu alichokiita The Donkeys, juu ya majenerali wa Kiingereza wa 1915. Alikiwekea mbele mazungumzo ya majemadari wa Kijerumani yanayowalinganisha askari wa Kiingereza na simba wanaoongozwa na punda, akadai yametoka katika kumbukumbu za Falkenhayn. Humo hayajaonekana. Mchezo wa jukwaani wa 1963, Oh, What a Lovely War!, ulichota katika kitabu hicho, na punda wakawa sehemu ya yale ambayo kila mtu anayajua. Lakini istiari hii haivuki bahari. Punda wa Kiingereza ni mjinga. Punda wa Kiswahili ni mchukuzi: yeye afe, mzigo ufike. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam akisikia kitabu cha vita hivyo kinaitwa “Punda” hatawatarajia majenerali. Atawatarajia watu wa Kariakoo, wapagazi waliokusanywa kwa nguvu vijijini, ambao upande wa Waingereza peke yake hesabu rasmi iliorodhesha zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, na wataalamu wengi huiona hesabu hiyo kuwa pungufu mno. Jina la mtaa limehifadhi katika miji miwili kile ambacho majina ya vitabu hayakukihifadhi.

Inafaa kukumbuka kwamba lugha hii ilikuwa na historia yake ya vita vya Wajerumani kabla Tuchman hajazaliwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa upande wa Tanga alitunga utenzi juu ya mambo aliyoyashuhudia pwani mwaka 1307 wa Hijra, na utenzi huo unajulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Ulikuwa ni utungo wa kusikilizwa na watu wengi, si wa wasomi wachache. Kwa kipimo chochote ni historia pendwa. Jina hilo halimtaji Kaiser, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja au miwili tu juu ya kiti chake, wala halitaji mwezi, wala reli, wala usingizi. Lina wenye vita, lina kitendo, lina kilichotendewa, na kitendo chenyewe ni kutamalaki. Fischer alihitaji faili za serikali na mamia ya kurasa ili awarudishie Wajerumani wa 1961 kitenzi hicho hicho.